Kadi ya Jared Ilitangulia

Cephas wa Magunga alirudi nyumbani mwaka wa sitini na tisa, mvua ya Machi ikiwa imeshalainisha udongo wote, akakuta shamba lake halijaguswa. La mama yake, Filister, lilikuwa limeota. Ya majirani yalikuwa yameota mpaka chini huko inakoanza nyika ya Lambwe. Lakini la ndugu yake mkubwa, Jared, lililo upande wa kulia ukiingia langoni, lilikuwa na magugu. Na kama la Jared lina magugu, la Cephas lingekuwa na nini?

Kwa mtu wa mbali nieleze kidogo. Katika boma la Wajaluo jembe lina foleni yake. Mama wa boma hupanda kwanza. Kisha mtoto wa kiume wa kwanza na mke wake. Kisha anayemfuata. Mdogo akimruka mkubwa ameita chira, ule ugonjwa wa kukonda usiosikia dawa ya hospitali, na kama haumshiki yeye utawashika watoto wake. Nimelala katika maboma mengi ya pande hizi, ya watu wa kanisa na ya wasiosali kabisa, na sijaona bado aliyethubutu. Wanaimba Jumapili kwamba damu ya Yesu imeosha yote, halafu Jumatatu wanangoja mkubwa apande.

Filister alizaa wavulana wawili tu. Baba yao alikufa mapema. Kwa hiyo foleni ya boma lile ilikuwa fupi: mama, Jared, Cephas. Na mama alikuwa amepanda.

Jared ndiye aliyetangulia Nairobi pia. Aliingia kwa shirika moja kubwa, akianza kwa kufagia, na shirika liliponunua ile mashine ya hesabu, kompyuta, yeye ndiye aliyekuwa akipangusa vumbi chumbani mwake. Wakamwona ana mikono mitulivu. Wakamfundisha kuvalisha utepe, ile tepu inayohifadhi hesabu, kulisha kadi za matundu, kuweka karatasi. Baada ya miaka michache akawa msimamizi wa kundi zima la kazi. Ndipo akamwita Cephas, akamlaza katika chumba chake, akamwombea nafasi. Cephas alikuwa mwepesi wa vitabu. Haukupita muda mrefu akawa anaandika yale maagizo ambayo mashine hufuata, na Jared akawa anayalisha tu.

Watu walimchokoza Jared. "Ndugu yako amekupita!"

"Amenipita wapi?" Jared alikuwa akijibu. "Yeye anapika, mimi ndiye ninayepakua. Umewahi kuona mpishi akila kabla ya mwenye nyumba?"

Na kila mwaka mvua ya Machi ikikaribia, Jared aliomba likizo, akaja Magunga kufungua shamba pamoja na mkewe, Teresa, ili Cephas naye aweze kufungua lake. Hakuwahi kuchelewa hata msimu mmoja. Watu wa Magunga walikuwa wakimtumia kama kalenda.

Sasa mwanzoni mwa mwaka ule wa sitini na tisa, meneja wa chumba cha mashine, mzungu, alianza kulalamika. Kazi zinachelewa. Mashine imenunuliwa kwa jasho la watu, mbona inasimama? Nani anaisimamisha? Makundi yalikuwa mawili, yakibadilishana zamu. Moja la Jared. La pili la Maroa, Mkuria wa Kegonga, mtu mrefu mwenye mzaha mwingi. Kila kundi lilisema sisi tunafanya kazi.

Meneja akaleta maagizo mapya kutoka ng'ambo. Yalikuwa ya kuifanya mashine ijitazame yenyewe. Ikisimama kungoja utepe, inaandika. Karatasi ikikatika, inaandika. Kadi zikikwama, inaandika, na inaandika ni kundi la nani lililokuwa hapo. Hakuna mtu wa kusimama na saa mkononi. Mwisho wa mwezi unaiamuru ichape yote. Cephas ndiye aliyepewa kazi ya kuyapanga hayo maagizo, maana yanakuja na maswali yake, na kila swali unalijibu kwa kutoboa kadi.

Alizitoboa mchana mmoja, Jared amemletea chai, Maroa amesimama nyuma yake akichungulia.

Swali la kwanza lilikuwa rahisi: kusimama kwa muda gani ndiko kuandikwe? Hawa watatu wakakubaliana dakika mbili, maana chini ya hapo ni mtu kupiga chafya.

Swali la pili lilitaka majina ya makundi kwa utaratibu.

"Utaratibu gani?" Maroa akauliza. "Wa urefu? Basi niandike mimi."

"Wa kuzaliwa," Jared akasema.

Cephas akatoboa kadi ya Jared, akaiweka juu. Akatoboa ya Maroa, akaiweka chini yake.

Maroa akapiga makofi akicheka. "Aki nyinyi Wajaluo! Hata chuma mnakifundisha nani ni mkubwa!"

"Kwani kwenu Kegonga mdogo ndiye hunyoosha mkono kwa nyama kwanza?" Jared akamuuliza.

"Akinyoosha anabaki na vidole vitatu."

Wakacheka wote. Swali la tatu ndilo lililobaki. Nafasi ya kuandikia ndani ya mashine ilikuwa ndogo, kipembe tu, kwa sababu kwingine kote kumejaa hesabu za wateja. Kwa hiyo ilibidi useme kila kundi lipewe nafasi kiasi gani. Kitabu cha maelezo kilisema wazi: ukiacha kadi ya kundi bila mgawo, kundi hilo halina mpaka. Nafasi ikijaa, mashine itafuta ya aliye chini ili aliye juu apate pa kuandika.

Cephas alisoma hayo. Hakuyaruka. Akampimia Maroa mgawo wake, wa haki kabisa. Alipofika kwa Jared mkono ukakataa. Utampimiaje mkubwa wako? Nyumbani kwao, sahani ya Jared haikupimwa hata siku moja. Alipakuliwa mpaka aseme basi, na kilichobaki ndicho cha Cephas, na hakuna aliyelala njaa. Akaiacha kadi ya Jared bila mgawo.

Jared aliona. Akachukua birika akammiminia Cephas chai kwa mkono wake mwenyewe. Mkubwa hamfanyii mdogo hivyo kila siku.

Cephas hakufikiri kwamba kinachopakuliwa safari hii ni makosa.

Mwisho wa mwezi mashine ikachapa. Karatasi zilitoka zikakunjana sakafuni. Kundi la Jared: kungoja utepe, kungoja utepe, karatasi imekatika, kadi zimekwama, kungoja utepe, ukurasa baada ya ukurasa. Kundi la Maroa: jina lake, mstari mmoja, halafu weupe mtupu. Nafasi ilikuwa imejaa, na kila Jared alipohitaji pa kuandikia, mashine ilifuta ya Maroa ikampa. Ilifanya kama ilivyoagizwa.

Cephas aliona karatasi zile akajua hapo hapo. Lakini meneja alikuwa amesimama kando yake, na yeye pia anajua kusoma.

"Basi ni Jared," meneja akasema.

"Hapana, bwana. Ni mpango wangu. Nilimwacha Jared bila mpaka, kwa hiyo ya Maroa yamefutwa. Yalikuwapo. Vifaa ni vile vile, tepu zimechakaa kwa wote."

"Kwa nini ulimwacha bila mpaka?"

Hapo ndipo Cephas alipokwama. Alikuwa na Kiingereza cha kutosha kuongea na mashine. Cha kumweleza mzungu kwamba mtu hampimii mkubwa wake hakuwa nacho, na hata angekuwa nacho angeona aibu. Akasema, "Nilisahau."

"Wewe husahau?" meneja akauliza. "Tangu lini?" Akakunja karatasi vizuri. "Yule ni ndugu yako, siyo?"

"Ndiyo, bwana."

"Kama ni Maroa ndiye angejaza kurasa hizi, ungekuja kuniambia ni mpango?"

 Mimi mwenyewe amenisimulia mara nyingi, tukikaa mbele ya nyumba yake, na kila akifika hapo hunyamaza, kama bado anatafuta jibu.

Jared akaachishwa kazi wiki hiyo. Hakupiga kelele. Alikabidhi funguo za kabati la tepu, akafunga godoro lake, na alipokuwa akipanda basi alimwambia Cephas maneno machache tu.

"Omera, mdogo wangu, uliniweka mbele."

"Ningekuweka wapi, ndugu yangu?"

"Ndiyo. Ungeniweka wapi." Akapanda.

Cephas hakukata tamaa bado. Alimfuata meneja, akamwomba, akamwomba tena, mpaka meneja akakubali mashine ijitazame mwezi mwingine, makundi yote mawili yamepewa mgawo sawasawa. Msaidizi wa Jared ndiye aliyeshika kundi lake. Cephas alitoboa kadi upya. Mwezi ukaisha, karatasi zikatoka, na ukweli ukawa umekaa pale kama jiwe: makundi yote yanasimama sawa, na la Maroa limezidi kidogo. Tepu ni mbovu kwa kila mtu. Akazibeba kwa meneja akikimbia, maana alidhani anabeba kazi ya ndugu yake mkononi.

Meneja akasoma yote. Akatikisa kichwa.

"Asante, Cephas. Umefanya kazi nzuri. Sasa tumejua na Maroa."

Maroa naye akaachishwa. Jared hakurudishwa; nafasi yake ilikuwa imeshapewa mtu. Tepu mpya zikaagizwa baada ya hapo, maana waliobaki walianza kulalamika na hao walisikilizwa.

Siku ya kuondoka Maroa alisimama mlangoni na koti lake begani. "Mjaluo, ukubwa wenu umenifikia na mimi. Si uliniweka wa pili? Nimeenda wa pili." Alicheka, lakini kicheko chake hakikuwa na mtu ndani.

Cephas aliambiwa awafundishe wasimamizi wapya. Alifundisha siku chache, kisha akaandika barua ya kuacha kazi, akapakia sanduku. Mashine ile iliendelea kujitazama bila yeye.

Ndivyo alivyofika Magunga na kukuta magugu.

Benta, mke wake, alimpokea sanduku hapo langoni na hata hakumsalimia vizuri. "Umekuja? Nenda uongee na ndugu yako. Mvua inatuacha."

"Hajapanda?"

"Jembe amelitundika ukutani kama picha ya harusi. Kila asubuhi anakaa chini yake. Mimi nimemuuliza Teresa, nyieka, wewe tuliyeolewa boma moja, kuna nini? Naye anasema hata yeye hasemeshwi. Watoto wake watakula nini? Wangu watakula nini?"

Cephas alienda. Jared alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, amevaa lile shati jeupe la kazini, limefuliwa na kupigwa pasi. Wakasalimiana. Cephas akamweleza yote: mgawo, mwezi wa pili, Maroa, meneja. Jared alisikiliza mpaka mwisho kama mtu anayesikiliza habari za hali ya hewa za nchi nyingine.

"Kwa hiyo ilionekana sikuwa na kosa," akasema.

"Ilionekana wazi."

"Na bado niko hapa."

"Na mimi niko hapa. Niliacha."

"Wewe uliacha. Mimi niliachishwa. Usichanganye hivyo vitu, mtoto wa mama."

Cephas akameza hilo. "Ndugu yangu, mvua inaisha. Nakuomba ufungue shamba."

"Mimi nimetangulia sana. Nimetangulia kuzaliwa, nimetangulia Nairobi, nimetangulia kufukuzwa. Mwaka huu nataka nipumzike kutangulia."

"Na sisi tutakula nini?"

"Karatasi. Zile ndefu. Mna nyingi."

Alipotoka pale Cephas alimkuta mama yake akimngoja kando ya boma la ng'ombe. Filister hakujua kusoma, na alitaka kuelezwa, si kufichwa. Cephas akamweleza kwa Kijaluo cha nyumbani, taratibu, kwamba kulikuwa na mashine inayoandika makosa ya watu, na yeye aliiambia imwandike Jared kwanza, na isimwekee kipimo.

Filister akawaza. "Ulimweka mkubwa wako mbele."

"Ndiyo, mama."

"Na hukumpimia."

"Ndiyo."

"Sasa kosa liko wapi?"

"Ni hilo hilo, mama."

 "Basi hiyo mashine haikulelewa," mama akasema, akaokota fimbo yake.

Benta alitaka wapande hivyo hivyo. "Sisi ni Wakristo," akasema, na alilisema kwa sauti ili mama mkwe asikie. "Mchungaji amesema chira ni hofu tu."

"Mchungaji ana shamba?" Filister akamjibu kutoka uani. "Mwambie aje apande kabla ya kaka yake, halafu atuonyeshe watoto wake baada ya mwaka."

Benta alirudisha kifuniko, na mbegu zilibaki ndani ya chungu. Alianza kwenda Rongo sokoni kuuza vitambaa vyake, na kurudi na mahindi ya watu wengine kichwani. Wanawake wa njiani walimuuliza, "Benta, kwenu mvua haikunyesha?" naye aliwajibu kwamba ilibisha hodi lakini haikufunguliwa. Nilimpita mimi siku moja kwenye kilima, nikamsaidia mzigo. Hakulia. Alikuwa amekasirika mpaka hana pa kuwekea machozi.

Mama ndiye aliyeenda kwa Jared mwishowe. Hakuketi. Alisimama mlangoni kwa mwanawe wa kwanza, na Teresa ndiye aliyesikia maneno yake akayasambaza.

"Nilikuzaa kwanza. Sikukuuliza kama unataka. Na wewe hukuniuliza. Ukishuka hapo ulipowekwa, mimi ni mama wa nani?"

 Kesho yake asubuhi Jared akalitungua jembe.

Mvua ilikuwa inaaga. Inanyesha leo kidogo, inapotea siku nyingi. Jared alimwita Cephas aje asimame kwenye ua aone, akamwita na Benta. Teresa alikuja na kikapu cha mbegu, akidhani watapanda. Jared hakuingia shambani. Alienda ukingoni kabisa, hapo mbolea ya ng'ombe inapomwagwa, akachimba shimo moja. Akachukua punje moja katika kikapu. Akaitia, akafukia kwa mguu.

"Nimetangulia," akasema. "Haya, fuata."

"Jared," Teresa akaita, "na shamba?"

"Shamba limefunguliwa. Wewe panda ukitaka." Akarudisha jembe ukutani.

Wakafuata. Wangefanya nini? Teresa alipanda lake peke yake, amefunga mtoto mgongoni. Cephas na Benta walipanda lao, wakikimbizana na mawingu. Mahindi yakaota, yakafika magotini, na hapo jua la Juni likayashika. Yalijikunja kama karatasi za sigara. Nilipopita mwezi wa saba, mashamba yote mawili yalikuwa na sauti ile ya majani makavu, na watoto wa nyumba zote mbili walikuwa wakipelekwa kula kwa bibi yao, ambaye mahindi yake hayakutosha nyumba tatu.

Ila punje ile moja ya Jared. Pale kwenye mbolea kulikuwa na unyevu, na Teresa, sijui kwa huruma au kwa uchungu, alikuwa akimwaga hapo maji ya kuoshea vyombo kila siku. Ule mmea ulikwea ukampita mtu urefu. Ukazaa hindi moja, nene, limejaa mpaka ncha.

Sasa foleni ya kula ni kama ya kupanda. Mkubwa huonja mavuno mapya kwanza, ndipo wadogo waonje. Siku hindi lile lilipokomaa Jared alilivunja mwenyewe. Akawasha moto mdogo katikati ya uwanja, mchana wa jua, kila mtu anaona. Akalichoma akiligeuza taratibu kwa ile mikono mitulivu iliyokuwa ikivalisha tepu. Akalila lote, punje kwa punje, watoto wake wamesimama pembeni, wa Cephas wamesimama pembeni. Hakumpa mtu.

Alipomaliza akatupa gunzi motoni, akapangusa midomo, akamtazama ndugu yake.

"Nimeonja," akasema. "Sasa mnaruhusiwa kula."

Cephas akainamisha kichwa kidogo, kama mdogo anavyomshukuru mkubwa. Nyuma yake Benta alikuwa ameshafungua ua, na ng'ombe walikuwa wanaingia shambani kumalizia yale mabua.